Kumtoa mtu ndani sio kazi kubwa, kazi kubwa ni anarudi na nini kichwani

Ukisikiliza watu wanavyoongelea habari za kumsaidia mtu aliejifungia ndani kwa hofu ya watu utaona nguvu zote zinaishia mlangoni. Atoke tu. Akitoka siku moja nyumba nzima inafurahi, anapigiwa simu za pongezi, anaambiwa si umeona, umeweza! Halafu wiki ya tatu karudi chumbani, simu kazima, na safari hii hata chakula anasubiri wenzake walale ndo aje kuchukua. Hapo maneno yanageuka, hajitaki huyu, tumemsaidia vya kutosha, labda ndo alivyoumbwa. Mimi nasema tulimpima kwa kipimo kisicho chake. Tulihesabu katoka au hajatoka, wakati kinachoamua kama atatoka tena ni kile alichorudi nacho kichwani siku ile, yaani amejifunza nini kuhusu watu na kuhusu yeye mwenyewe akiwa huko nje, na ukweli unaouma ni kwamba mtu anaweza kutoka kila siku mwezi mzima na kila siku akarudi na somo lilelile kwamba nje ni hatari na leo kaponea chupuchupu.

Tuelewane kwanza tunamwongelea nani. Kuna watu wapole, wakimya, wasiopenda makelele, hao hawaumwi chochote na waachwe kwa amani yao. Hofu ya kijamii ninayoisema ni ile ya kuogopa kuangaliwa na kupimwa na watu mpaka maisha yanasimama. Mtu hawezi kula akiangaliwa, hawezi kupiga simu kama kuna mtu pembeni anasikia, hawezi kusaini karatasi mbele ya mtu maana anajua mkono utatetemeka, kikao cha ijumaa kinamnyima usingizi tangu jumatatu. Moyo unadunda, mate yanakauka, uso unawaka moto, na juu ya hayo yote anaogopa kwamba watu wanayaona hayohayo. Madaktari wa akili Isaac Marks na Michael Gelder, wakifanya kazi Uingereza, waliitenganisha hofu hii na hofu nyingine mwaka 1966, ikaingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na bado mwaka 1985 Michael Liebowitz na wenzake wakalazimika kuandika kwamba huu ni ugonjwa uliotelekezwa. Nadhani hata leo bado umetelekezwa, kwasababu mwenye nao hapigi kelele, hasumbui mtu, hagombani, anapungua tu taratibu kwenye maisha ya wenzake mpaka siku moja watu wanashtuka hivi fulani yuko wapi siku hizi? Na wengine walikua washamhukumu zamani kwamba anaringa.

Tafiti za Shirika la Afya Duniani zilizojumlisha nchi 28 na kuchapishwa 2017 zilikuta kama watu 4 kati ya 100 wamewahi kuipitia maishani. Na huwa inaanza mapema, wengi inawakuta wakiwa kwenye ujana mdogo, miaka 13 hivi, kipindi ambacho mwenzao anajifunza kuchokozana, kutongoza, kukosana na rafiki kisha kupatana. Hii ya umri naomba tuishike vizuri maana watu wanaipita haraka. Tunasema "kurudi" kwenye maisha ya kawaida kana kwamba kila mtu ana maisha ya kawaida aliyoyaacha mahali yanamsubiri. Mtu mwenye miaka 25 alieanza kujificha akiwa na 14 hana pa kurudi, hajawahi kuwa na kazi, hajui unamwambiaje mtu hapana bila kugombana nae, hajui mazungumzo yanamalizwaje, na ukimwambia "kuwa kama zamani" zamani yenyewe ilikua hofu tupu. Huyo anaanza upya kabisa kwenye umri ambao watu hawamvumilii tena mtu anaeanza. Akikosea kidogo, kwa mfano akakaa kimya pale alipotakiwa kujibu, hakuna anaesema ni mtoto bado anajifunza.

Na kujifungia kwenyewe kunafanya nini? Kunampa nafuu, ndo tatizo lenyewe. Mwanasaikolojia O. H. Mowrer alilieleza hili tangu 1947, kwamba woga unabaki hai kwasababu kila unapokikwepa kitu unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu ile ni zawadi, mwili unaipenda, kesho unakwepa haraka zaidi. Mtu anaandika meseji ya kusema naumwa sitakuja, akibonyeza tu kutuma mabega yanashuka, anapumua. Hakuna mtu anaeweza kushindana na pumzi ile kwa nasaha. Ndo maana kipindi cha korona kwa baadhi ya watu hawa kilikua kitamu mwanzoni, dunia nzima ilikaa ndani, hakuna wa kukuuliza kwanini huonekani, ila wakati huohuo fursa zote za kugundua kwamba watu hawaumi zikafungwa. Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba mwaka wa kwanza wa janga lile ulipandisha wasiwasi na sonona duniani kwa asilimia 25. Milango ikafunguliwa, wengine wakatoka, wengine wakabaki, na waliobaki walikua wanapoteza uwezo kila mwezi kama mguu uliokaa kwenye plasta, mfupa umepona lakini msuli umesinyaa na hatua ya kwanza inauma hata kama hakuna kilichovunjika.

Kuna na kitu kingine ambacho sioni kikiandikwa sana, deni. Mtu akikaa ndani mwaka mzima anakua na deni la majibu. Meseji hazijajibiwa, misiba hajaenda, mtoto wa rafiki yake kazaliwa hata pongezi hajatuma, na kila siku inayopita inafanya jibu liwe gumu zaidi kwasababu sasa lazima lianze na maelezo. Anaogopa watu, ndio, lakini zaidi anaogopa swali moja, ulipotelea wapi? Swali lile linaulizwa kwa upendo kabisa na linamuua mtu. Hana jibu la kusema mbele za watu. Akisema nilikua naumwa ataulizwa nini, akisema nipo tu ataonekana anadharau, akisema ukweli anahisi kila mtu atamwangalia kwa jicho lingine kuanzia hapo. Kama unataka kumsaidia mtu wako kwa kitu kimoja kidogo basi mtafutie jibu la swali hili kabla hajatoka, sentensi moja ya kweli isiyo ndefu, "nilikua na kipindi kigumu, sasa naanza kutoka, wewe vipi?", aizoee mdomoni. Na nyinyi mnaompokea, msimuulize. Mwambie tu nimefurahi kukuona, kisha endelea na kilichopo. Sherehe za kumkaribisha, kupiga makofi anapoingia, kutangaza jamani leo fulani yupo nasi, vitu hivi vinafanywa na watu wema wasiojua wanamwekea mtu taa usoni, na taa usoni ndo hasa alichokua anakikimbia.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwanini mtu mwenye hofu hii anaweza kukutana na watu mara elfu moja na hofu isipungue, swali ambalo mtu yeyote angejiuliza, maana kila mtu anakutana na watu, mbona hazoei? Jibu lao kwa lugha yangu ni ngao. Mtu anaingia kwenye watu akiwa amebeba ngao ambazo wewe huzioni. Anaandaa sentensi kichwani kabla ya kuitamka, anaipima, mpaka akiwa tayari mada imeshapita. Anashika kikombe kwa mikono miwili kisitetemeke. Anakaa karibu na mlango. Anavaa nguo nzito ili jasho lisionekane na nguo zenyewe ndo zinamtoa jasho. Anaangalia simu ambayo haina meseji yoyote. Anauliza maswali mfululizo ili yeye asiulizwe, na watu wanamsifia ni msikilizaji mzuri. Anakuja na dada yake ambae anamjibia. Anakunywa kidogo kwanza. Kisha mkutano unaisha salama, hakuna aliecheka, na kichwa chake kinasema nini? Kinasema nimepona kwasababu ya ngao. Nisingeshika kikombe vile wangeona. Nisingekaa mlangoni ningezimia. Kwaiyo mafanikio yote yanaandikwa kwenye akaunti ya ngao, yeye mwenyewe habaki na kitu, na kesho ataogopa vilevile, au zaidi, kwasababu sasa amehakikisha kwamba bila ngao haendi popote.

Unaona basi kwanini kuhesabu ametoka mara ngapi hakutoshi.

Kuna na jambo la macho kuangalia ndani. Ukiwa na hofu hii ukiongea na mtu wewe humwoni yule mtu, unajiona wewe, unajitengenezea picha ya unavyoonekana kwa kutumia hisia za mwili wako, kwamba kwa vile nahisi uso unawaka basi naonekana mwekundu kama moto, kwa vile nahisi sauti inatetemeka basi wote wameisikia. Picha ile ni ya uongo ila ndo unayoiamini kuliko sura ya mtu alieko mbele yako anaekutabasamia. Tiba iliyotokana na kazi ya Clark inatumia video hapa, mtu anarekodiwa akiongea, kabla ya kuangalia anaambiwa aeleze kwa kina ataonekanaje, nitatetemeka kiasi gani, nitanyamaza sekunde ngapi, halafu anaangalia kama anamwangalia mtu baki. Mara nyingi anakuta mtu wa kawaida tu anaongea. Ile tofauti kati ya alichokitarajia na alichokiona kwenye skrini ni kitu ambacho huwezi kumpa mtu kwa maneno, hata ukimwambia uko sawa mara mia.

Na hii sio ya wagonjwa peke yao. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich na wenzake walichapisha utafiti ambao waliwavalisha wanafunzi fulana ya kuwaaibisha, yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwemo wataigundua, waliogundua wakawa kama robo. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake wakaonyesha kwamba watu wakitoka kuongea na mtu mgeni, kwa kawaida wanadhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli. Hao ni watu wa kawaida wasio na ugonjwa wowote. Sasa chukua kosa hilohilo la binadamu wote, likuze, mfungie nalo mtu chumbani mwaka mzima bila nafasi hata moja ya kulisahihisha.

Kwaiyo tufanyeje. Msemo unaorudiwa sana ni hatua ndogondogo, na mimi siupingi, ila una mtego. Hatua inaweza kuwa ndogo mpaka ikawa haina somo ndani yake. Nimeona mpango wa mtu ulioanza na kutembea usiku wakati barabara hazina watu, wiki nenda wiki rudi, na kila mtu anampongeza kwa mazoezi. Pale hakuna kilichojaribiwa, hofu yake haikua barabara, ilikua macho ya watu, na macho yalikua yamelala. Afadhali dakika tano mchana na kumuuliza mtu mmoja saa ngapi sahivi. Kinachofanya hatua iwe na maana ni utabiri. Kabla ya kutoka anaandika, kwa maneno yake, ninachoogopa kitatokea ni nini hasa. Asiandike "itakua mbaya", hiyo haipimiki. Aandike "nikiuliza saa atakunja uso na kuondoka", "nikikaa kimya sekunde kumi kwenye mazungumzo watasema nina nini huyu". Halafu anachagua ngao moja ya kuiacha nyumbani, moja tu, leo hedifoni zinabaki, au leo sitaandaa sentensi, au leo dada anakaa mbali. Anaenda. Anarudi. Anasoma alichoandika na anajibu, kilitokea? Mwanasaikolojia Michelle Craske wa Marekani na wenzake wamekazania sana jambo hili kwenye kazi zao, kwamba kinachomponya mtu kwenye kukabili hofu ni kule kutarajia kitu kibaya halafu kisitokee, mshangao wenyewe, zaidi ya kukaa pale mpaka woga ushuke. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi bado anatetemeka na ikawa ni siku nzuri kabisa. Naliona hili ni ukombozi mkubwa. Watu wanasubiri hofu iishe ndo watoke, miaka inaenda, kumbe hofu haina ratiba ya kuisha ukiwa kitandani.

Na wakati mwingine afanye kosa kwa makusudi. Adondoshe kalamu mbele ya watu. Aanze sentensi akwame, kisha aseme nimesahau nilichotaka kusema. Hii inasikika kama ukatili lakini fikiria vizuri, hofu yake imejengwa juu ya imani kwamba kosa dogo ni janga, na hutajua kosa dogo ni nini mpaka ulifanye uone dunia inaendelea. Ila hili lije baadae, na lije kwa kuamua yeye, msimtegee.

Baada ya kutoka kuna usiku. Hapa ndo nafikiri wasaidizi wengi tunalala wakati kazi inaanza. Clark na Wells walilieleza nalo, mtu akirudi anaanza kuirudisha picha nzima, anaichambua, kwanini nilisema vile, yule aliangalia pembeni kwanini, kicheko kile kilikua cha nini, na kwa sababu ushahidi anaoutumia ni zile hisia zake za mwilini, kila akirudia siku inakua mbaya zaidi kuliko ilivyokua. Kufika saa nane usiku tukio lililoenda vizuri tu limeshageuka fedheha. Asubuhi unamwambia twende tena anasema hapana na wewe unashangaa, mbona jana ulicheka! Jana hiyo unayoikumbuka wewe kwake imeshafutwa.

Mnaporudi basi, msiache saa zile zijiendee. Kosa la kwanza ni kumtangazia umeona, hakuna kitu, ulikua unaogopa bure, maana pale unamfundisha kwamba hisia zake ni za kijinga na kesho hatakwambia. Muulize kwa utulivu vitu viwili, ulitegemea nini na kikatokea nini, muache aseme yeye, hata kama ni kwa sauti ya chini, hata kwa meseji kutoka chumba cha pili. Andikeni. Ile karatasi ina thamani, saa nane usiku akili ikianza kesi yake ana hati ya kuonyesha. Halafu kuwe na kitu cha kufanya jioni ile kinachochukua akili, kupika, mchezo, kazi ya mikono, chochote kisicho kulala unaangalia dari. Na kama anataka uhakikisho, unaona nilionekana vibaya? niambie kweli, wameniona? mjibu mara moja kwa ukweli kisha usirudie, kwa sababu uhakikisho wa mara ya kumi na tano nao ni ngao, na sasa ngao hiyo ni wewe.

Hapo nimegusa familia, na familia ni pagumu kwa sababu kila kitu wanachokosea wanakikosea kwa mapenzi. Mama anampigia simu mwalimu badala ya mtoto kupiga mwenyewe. Kaka anamjibia wageni. Ratiba ya nyumba nzima inabadilika ili yeye asikutane na mtu. Kila kimoja peke yake ni huruma, vikijumlishwa vinajenga nyumba ambayo ndani yake hofu ndo mwenye nyumba. Eli Lebowitz na wenzake wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walifanya jaribio lililochapishwa 2020, watoto 124 wenye matatizo ya wasiwasi, kundi moja watoto wenyewe walipata tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo na mazoezi ya kubadili namna mtu anavyofikiri na anavyotenda, kundi la pili mtoto hakuonwa kabisa, walifundishwa wazazi tu, jinsi ya kupunguza kumbebea mtoto hofu yake huku wakimuonyesha kwamba wanamwelewa na wanaamini ataweza. Matokeo ya makundi yale mawili yalilingana. Nilipolisoma hili nilikaa kimya kidogo, maana lina maana kwamba hata kama mtu wako amegoma kabisa kumuona mtaalamu, mlango bado haujafungwa, kuna kazi unaweza kuianza wewe. Lilikua jaribio la watoto, kwa mtu mzima utalibeba kwa uangalifu, ila mantiki ninaiona ni ileile.

Jinsi ya kupunguza ndo kuna ufundi. Usiamke asubuhi ukakata kila kitu, huo ni ulipizaji kisasi umevaa nguo za tiba. Unachagua jambo moja, unamwambia mapema ukiwa umetulia, "kuanzia jumatatu ijayo sitapokea simu zako za kazini, najua itakua ngumu kwako na najua utaweza", na jumatatu ikifika unafanya ulichosema bila hasira na bila hotuba. Atakasirika. Huenda akanuna siku kadhaa. Kaa nae hivohivo. Alafu kuna wale wa upande wa pili, wa kumburuza, kumdanganya twende tu hapo mara moja kumbe umempeleka kwenye hafla ya watu mia, kumwambia mbele ya wageni hebu ongea basi huna mdomo? Mtu akitegewa mtego mara moja anaacha kuamini hata mialiko ya kweli, na kuirudisha imani hiyo kunachukua muda mrefu kuliko muda wote uliodhani umeokoa.

Anarudi wapi? Swali hili nalo linasahaulika. Kumwambia mtu nenda ukachangamane na watu ni kumtuma mahali ambapo kazi yake pekee ni kuwa mtu wa kupendeza, na hiyo ndo kazi ngumu kuliko zote kwake. Mpe sehemu yenye shughuli. Kupanga viti, kusajili majina, kupanda miti, kurekebisha vifaa, kufundisha mtoto hesabu, sehemu ambayo mikono ina kazi, mazungumzo yanakuja yenyewe kuhusu kazi, na kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza inayojulikana. Ujapani wamelazimika kufikiria hili kuliko wengi, serikali yao ilitangaza 2023 makadirio ya watu kama milioni 1.46 wenye umri wa miaka 15 mpaka 64 waliojitenga na jamii, na kama mmoja kati ya watano alihusisha hali hiyo na janga la korona. Wao wanawaita hikikomori, na sio wote wana hofu ya kijamii, kuna waliopoteza kazi, kuna wenye sonona, kuna mambo mengi. Ila vituo vya kuwasaidia vimekuwepo tangu 2009 na vinaanza kazi kwa kuongea na familia na kumtafutia mtu mahali pa kuwepo tu, kabla hata ya kumuuliza kuhusu ajira. Naona kuna hekima hapo. Ajira ikiwa kipimo cha kwanza mtu anashindwa kabla hajaanza.

Kwa waajiri na walimu nina ombi fupi. Masaa machache yanayojulikana ni bora kuliko siku nzima isiyojulikana, mtu mmoja maalum wa kumuuliza maswali ni bora kuliko "muulize yeyote", na msimfanye ajitambulishe mbele ya wote siku ya kwanza. Lakini msimwondolee kila kitu milele pia. Mwanafunzi alieruhusiwa kutokuongea darasani mwaka mzima amepewa ngao yenye muhuri.

Kuna jambo ambalo wanaopenda habari za kukabili hofu hawalisemi kwa sauti ya kutosha. Wakati mwingine hofu ina haki. Kuna watu walichekwa kweli, walipigwa kweli, walizomewa kwa sura zao au kigugumizi chao au asili yao, na mahali mnapowarudisha waliofanya hayo bado wapo na hawajakemewa. Huyo ukimwambia andika utabiri wako, utabiri utatimia, na umemwongezea kidonda. Hapo kinachobadilishwa ni mahali, au watu wa mahali pale wanashughulikiwa kwanza. Nasisitiza kwasababu nimeona mtu analaumiwa kwamba hafanyi mazoezi wakati akili yake inasoma hali vizuri kuliko washauri wake.

Tiba ipo na inafanya kazi, hili nalo lisemwe bila kumungunya maneno. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2014 ulijumuisha majaribio 101 ya tiba za hofu hii na watu zaidi ya 13,000, na tiba ya fikra na tabia ya mtu mmoja mmoja ndo ilitoka na matokeo mazuri zaidi, na mwongozo wa Uingereza wa 2013 unaiweka hiyohiyo mbele kwa watu wazima, dawa za kundi la SSRI kama sertraline, zinazotumika pia kwa sonona, zikija kwa wasioitaka tiba hiyo. Dawa zinawasaidia wengi na hakuna aibu yoyote kuzitumia, ila hizi sio za kumeza dakika ishirini kabla ya sherehe, zinachukua wiki kadhaa na daktari ndo anapanga na ndo anapunguza. Vile vidonge vya kutuliza papo hapo, na pombe hasa, ni ngao za hatari kuliko zote nilizozitaja kwasababu zinafanya kazi haraka na zinadai bei yake baadae. Tiba kwa intaneti nayo imefanyiwa majaribio, Sweden ni kati ya walioanza mapema, na kwa mtu asieweza hata kukaa chumba cha kusubiria kliniki ni njia nzuri ya kuingilia, mradi kazi za kufanya nje ya skrini zifanyike nje ya skrini. Na mtu akianza kusema hana sababu ya kuishi, au amegawa vitu vyake, au ameacha kula na kulala, hapo hatuongelei tena ngazi za kutoka nje, anahitaji kuonwa na mtaalamu au huduma ya dharura siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Wengi wanaosoma hapa hawana mtaalamu karibu, najua, na huduma za akili hazitoshi karibu kila mahali duniani. Ndo maana nimeandika zaidi kuhusu karatasi, swali la jioni, na ngao moja ya kuacha nyumbani, vitu ambavyo rafiki au ndugu anaweza kuvishika bila cheti, akijua pia mpaka wake ni wapi.

Na atarudi nyuma. Hii iwe kwenye mpango tangu mwanzo, isije kama habari mbaya. Kutakua na wiki ameenda mara tatu na wiki hajaenda kabisa, na hatari ya ile wiki tupu ni lile deni nililosema, kwamba kesho yake ni ngumu zaidi kwa sababu sasa ana cha kueleza. Kwaiyo kubalianeni mapema akiwa bado ana nguvu, kwamba siku akishindwa anatuma neno moja tu, "leo hapana", bila sababu, na wewe unajibu bila kuuliza sababu, halafu kwenye jibu lilelile unaweka siku inayofuata na saa yake. Sio "ukijisikia utaniambia". Alhamisi saa kumi, nitakua pale mlangoni, ukichelewa nitasubiri.